Paa, gata na tenki kabla ya vuli: tathmini ya huduma ya duka moja la Ngamiani

Kwa yeyote aliyeko Tanga anayefikiria kumwita fundi wa paa msimu huu, nianze na hukumu yangu: duka la vifaa vya ujenzi lililotufanyia kazi mwezi Septemba, lililo katika mojawapo ya zile barabara za namba za Ngamiani, linastahili kuaminiwa kwa mabati na kwa gata, yaani mfereji wa ukingoni mwa paa unaokusanya maji ya mvua, lakini mtu asiliachie kazi ya tenki bila kuisimamia mwenyewe. Jina lake nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu lalamiko langu juu ya tenki bado tunalizungumza nao, na si uungwana kumtangaza mtu kabla hamjamalizana.

Vuli ninayoizungumzia ni hii yetu ya pwani, yaani mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Vitabu vya shule hulitumia neno hilohilo kwa majira ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini yanayoanza tarehe 22 au 23 Septemba, wakati watu wa huko wanapofagia majani, wanaposafisha mabomba ya moshi na kuziba nyufa za madirisha ili baridi isiingie ndani. Baridi hiyo haituhusu, lakini majani tunayo. Nyuma ya nyumba yetu hapa Chumbageni umesimama mkungu mkubwa, ule wenye kungu ambazo watoto huzipasua kwa mawe wapate kiini, na majani yake mapana hugeuka mekundu kabla ya kudondoka, kana kwamba mti huo peke yake umeamua kutuonyesha vuli ya wenzetu. Yanapodondoka hayaendi mbali. Hulala juu ya bati, hushika unyevu na chumvi inayoletwa na upepo wa bahari, na bati lililo chini yake huliwa na kutu taratibu bila mtu kujua, hadi siku ambayo tone la kwanza linamwangukia mtu usingizini.

Ijumaa ya mwisho ya Agosti, baada ya chakula cha mchana, tulikaa uani juu ya mkeka, mimi, mume wangu, mama yangu na watoto, nikalichukua daftari la hesabu la mwanangu wa darasa la nne tukaandika kila jambo ambalo kila mmoja alitaka nyumba ifanyiwe kabla ya mvua. Orodha ilifika mambo 11. Yalikuwamo makochi mapya, rangi ya sebuleni, jiko la gesi la plati mbili, neti mpya, mfuniko wa chemba ya choo, na hata banda la sungura, ambalo sihitaji kusema lilitoka kwa nani. Fedha zilizokuwapo zilikuwa shilingi 1,250,000, nilizozipata nilipopokea mchezo wetu wa kuchangiana fedha kwa zamu mwezi huo, na ilikuwa wazi kwamba hazingetosha hata nusu ya orodha. Mume wangu ndiye aliyependekeza kwamba kila jambo tuliulizie swali moja tu: mvua ikinyesha usiku wa leo, kukosekana kwa kitu hiki kutatuumiza? Makochi yakaanguka hapo hapo. Rangi nayo ikaanguka, kwani kuupaka rangi ukuta unaolowa ni kutupa fedha. Mama hakusema neno. Alinyosha kidole juu, upande wa chumba chake, ambako kwenye silingi lipo duara la rangi ya chai ya rangi lililobaki tangu vuli ya mwaka 2023, ile ya El Niño, alipohamia kulala sebuleni kwa wiki sita.

Tulibaki na malengo matatu, na kila moja tuliliandikia jinsi tutakavyojua kwamba limetimia, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya miaka ya nyuma na ambalo, nadhani, ndilo lililotuokoa baadaye katika mazungumzo na mafundi. La kwanza, chumba cha mama kisivuje, na kipimo chake ni mama kulala humo mvua ikinyesha. La pili, maji ya paa la nyuma yaingie kwenye tenki badala ya kuchimba msingi wa ukuta, na kipimo chake ni ardhi chini ya ukuta kubaki kavu. La tatu, maji hayo yatakayohifadhiwa yasiwe kitalu cha mbu. Hili la mbu lilitoka kwangu. Mlipuko wa homa ya dengue wa mwaka 2019 uliikumba zaidi Dar es Salaam na Tanga, na mbu wa dengue, tofauti na wa malaria, huuma mchana na hupenda kutaga kwenye maji safi yaliyotunzwa nyumbani, kwenye ndoo, mapipa na matenki.

Duka hilo hutoa huduma yote kwa pamoja: wanakuja kupima bure, wanaandika makadirio, wanauza vifaa, wanaleta mafundi wao, na wanaahidi kurudi mara moja baada ya mvua ya kwanza. Kuanzia siku nilipoagiza hadi siku ya kupimiwa zilipita siku tisa, muda ambao kwa Septemba si mbaya, kwa kuwa huo ndio mwezi ambao kila mwenye bati bovu jijini hulikumbuka. Walipaswa kufika Jumanne saa mbili asubuhi. Walifika Alhamisi, baada ya mimi kupiga simu mara mbili, na sababu waliyoitoa, kwamba gari la mizigo liliharibika, ingekubalika kirahisi zaidi kama wangeisema wao kabla sijaiuliza.

Kuchelewa huko nilikusamehe baada ya nusu saa, kwa sababu ya namna fundi mkuu alivyoufanya ukaguzi. Aliingia, akamsalimia mama shikamoo, akavua viatu, kisha akaomba aonyeshwe alama ya uvujaji, na badala ya kupanda juu ya paa moja kwa moja kama walivyofanya mafundi wote waliotangulia, akapanda ngazi ndani ya nyumba, akaingia darini kupitia tundu la silingi na kumwambia kijana wake aufunge mfuniko. Alikaa humo gizani saa sita mchana, katika joto ambalo silitamani, kisha akaniita. "Dada, panda kidogo uone nyota." Nilipanda. Juu ya kichwa changu, katika giza lile, zilikuwapo tundu ndogo za mwanga zisizopungua ishirini, kila moja ikiwa ni tundu la msumari uliolegea au uliopigwa mahali pasipostahili.

Alinieleza kwa utulivu jambo ambalo katika miaka 14 ya kukaa katika nyumba hii hakuna aliyewahi kunieleza. Msumari wa bati hupigwa mgongoni mwa bati, pale palipoinuka, kwa sababu maji hupita bondeni. Aliyeezeka upande ule wa nyuma alipiga misumari mingi bondeni, na kila mvua iliponyesha, maji yalikuwa yakipita juu ya vichwa vya misumari hiyo na kupenya. Tena maji hayakuwa yakidondoka pale yalipoingilia. Yaliingia karibu na kofia ya paa, yakatembea juu ya papi, mbao zinazoshikilia mabati, kwa mita mbili na zaidi, ndipo yakaachia juu ya kitanda cha mama. Ndiyo maana mafundi watatu waliotangulia walikuwa wakipaka lami mahali ambapo hapakuwa na tatizo lolote, na mimi nikiwalipa.

Katika suala la mabati yenyewe, muuzaji wa dukani na fundi wa duka hilohilo hawakuwa na kauli moja, na hili ni vyema mteja alijue mapema. Muuzaji alinipendekezea geji 32, akisema ni imara na ya bei nafuu, kwa shilingi 24,000 bati la mita tatu. Wengi hudhani kwamba geji kubwa ni bati nene, kumbe ni kinyume: namba inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba, hivyo geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Fundi, aliposikia, alikataa mbele ya muuzaji, akisema kwamba kwa nyumba iliyo karibu na bahari hivi hataweka jina lake kwenye geji 32. Tulichukua geji 28 kwa shilingi 38,000 moja. Makadirio ya kwanza yalikuwa mabati sita. Walipoyafunua ya zamani wakakuta mawili zaidi yameoza kwenye maungio, lakini kabla ya kuyang'oa walinipigia simu kazini, wakanitumia picha, wakasubiri nikubali. Bili ikapanda kutoka shilingi 1,137,000 hadi 1,213,000, na kila kitu kikaandikwa kwenye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Sehemu iliyonifurahisha kuliko zote ni gata, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa mwisho, jioni, watu wakiwa wamechoka. Tulichagua gata ya plastiki, kwa sababu ya bati ingeliwa na chumvi ndani ya miaka michache. Upande wa nyuma una urefu wa mita tisa. Fundi alichukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, akaujaza maji, yeye akashika ncha moja na kijana wake nyingine, na kwa usawa wa maji katika ncha mbili wakapata mstari ulionyooka kwenye fishabodi nzima, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Kisha akashuka nusu sentimita kwa kila mita, yaani sentimita nne na nusu kutoka mwanzo hadi mwisho, akauchora mstari mpya kwa uzi wenye unga wa chokaa. Vishikio aliviweka kila baada ya sentimita 60, jumla 16. Nilimuuliza kama havikuzidi, maana nyumba ya jirani ina saba kwa urefu unaokaribia huo. Akanijibu kwamba gata haibebi maji tu, hubeba pia majani ya mkungu yaliyolowa, na kwamba nikaitazame vizuri ya jirani. Nilipoitazama niliona imelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo.

Kisha wakafanya jaribio, na hapa ndipo yale malengo yetu yaliyoandikwa kwenye daftari yalipofaa, kwa sababu nilikuwa nimewaambia tangu mwanzo kwamba sitapokea kazi kwa kuiangalia, nitaipokea kwa maji. Mwanangu alipanda ngazi na ndoo ya lita 10 akaimwaga polepole kwenye ncha ya juu. Maji yalikimbia vizuri hadi ungio la pili, yakapita, lakini baada ya kumalizika palibaki kidimbwi cha upana wa kiganja kabla ya ungio la mwisho. Kijana wa fundi alisema ni kidogo, kitakauka chenyewe. Fundi hakumjibu. Alifungua vishikio vitatu, akavipandisha kwa unene wa kiberiti, akaagiza ndoo nyingine. Ya pili ikaacha unyevu tu. Kwa mtu anayejua kwamba mbu wa dengue anaweza kutoka kwenye yai hadi kuruka ndani ya siku saba hadi kumi, kidimbwi cha kiganja si kidogo.

Kuhusu mkungu wenyewe, fundi alishauri ukatwe. Mama alikataa katakata, akisema mti huo ndio umeme wetu wakati umeme ukikatika, kwa kuwa sote hukimbilia kivulini mwake joto linapozidi. Tulikubaliana kukata tawi moja lililoinamia paa, na kuweka wavu wa chuma juu ya tundu linaloingiza maji kwenye bomba la kushukia. Wavu huo si dawa kamili. Jani moja la mkungu lina upana wa kulifunika tundu lote kama mfuniko wa sufuria, kwa hiyo kila Jumamosi mtu hana budi kupanda ngazi na kufagia, na tumeliandika jambo hilo kwenye ratiba ya nyumba, zamu ya mume wangu na ya mwanangu mkubwa.

Nifike sasa kwenye tenki. Kabla ya kununua nilikaa nikapiga hesabu, ambayo ni rahisi na kila mwenye paa angeifanya: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Paa letu la nyuma hufunika mita tisa kwa tano, yaani mita za mraba 45, hivyo mvua ya milimita 20 hutoa lita 900, na ukiondoa yanayoruka nje na kupotea, tuseme moja ya tano, unabaki na lita 720. Mvua tatu za namna hiyo hujaza tenki la lita 2,000. Duka lilitaka kuniuzia la lita 5,000, na sisemi kwamba walinidanganya, kwa sababu siku ya mvua kubwa lingejaa kweli, lakini ua wetu ni mdogo na maji ya kunywa na kupikia tunayapata bombani. Haya ya mvua ni ya kufulia, ya kudekia na ya chooni. La lita 2,000 walituuzia kwa shilingi 430,000, bei ambayo niliilinganisha na maduka mengine mawili na kuikuta haina tofauti kubwa.

Tenki lilijengewa kitako na kundi jingine la mafundi, si yule mkuu wala kijana wake, na tofauti ilionekana tangu asubuhi. Lita 2,000 za maji ni tani mbili, na tani mbili zinahitaji kitako kilichokauka na kukomaa. Walipanga matofali mistari mitatu, wakajaza mchanga katikati, wakamwaga zege jembamba juu, na siku ya pili tu wakataka kulipandisha tenki na kulijaza kwa mpira wa bomba ili, kwa maneno yao, likae vizuri. Niliwaambia kwamba zege huhitaji kumwagiliwa maji kwa siku saba angalau kabla ya kubebeshwa mzigo, na wakaniambia kwamba kwa kitako kidogo haina haja. Nilikuwa na haraka ya kwenda kazini, nikanyamaza, na hilo ni kosa langu. Siku ya nne kona ya kusini ilikuwa na ufa wa urefu wa kidole cha kati.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilikuwa kinyume cha lengo tulilokuwa tumewaandikia. Bomba la kutolea maji tenki linapofurika walilielekeza chini ya ukuta wa jikoni, mahali pale pale ambapo tulitaka maji yasifike. Halikuwa na wavu pia, na bomba la kufurika lisilo na wavu ni mlango wazi wa mbu kuingia tenkini hata kama mfuniko wa juu umefungwa kwa kufuli. Nilipiga simu, na kwa haki yao nitasema kwamba siku ya pili walikuja, wakaliongeza bomba hadi kwenye mfereji wa nje, wakafunga wavu mdomoni bila kunidai hata shilingi moja. Lakini kuhusu ufa wamekuja mara moja, wakautazama, wakasema ni wa juu juu, wakaahidi kurudi. Mpaka ninapoandika hawajarudi.

Wameweka pia elbo, kiungo cha bomba kilichopinda, inayozungushwa kwa mkono, ili maji ya kwanza ya mvua, yale yanayosomba vumbi na kinyesi cha kunguru kutoka kwenye bati, yamwagwe nje kabla ya bomba kuelekezwa tenkini. Wazo ni zuri na ni la bei ndogo, ila linamtaka mtu atoke nje mvua inapoanza, asimame dakika kumi, kisha aizungushe. Mvua ya kwanza ya vuli ilituanza saa tisa usiku, na naweza kuthibitisha kwamba hakuna aliyetoka.

Fundi mkuu alirudi baada ya mvua hiyo kama walivyoahidi, bila kuitwa. Aliingia tena darini, akajifungia gizani, akatoka akasema hakuna nyota. Mama alikuwa amelala chumbani mwake usiku ule wote, na alipoulizwa na fundi kama alisikia kitu, alijibu, "Mwanangu, nilisikia mvua tu, na ilikuwa nje."

Atakayelitumia duka hili nashauri aagize kazi mwezi Julai au Agosti, kabla foleni haijawa ndefu. Amwombe fundi mkuu kwa kazi zote, pamoja na ya kitako, hata kama itambidi asubiri. Akatae geji 32 hata akibembelezwa. Na asilipe sehemu ya mwisho ya fedha hadi ndoo ya maji ipite kwenye gata mbele ya macho yake. Mimi nilizuia shilingi 60,000 za kitako, na bado ninazo. Kwenye ncha ya ule ufa nimechora mstari kwa kalamu ya risasi na kuandika tarehe kando yake, na kila asubuhi baada ya mvua naenda kuutazama. Leo tenki limejaa hadi shingoni, na ufa umevuka mstari kwa upana wa punje ya mchele.